Jiwe Halioshwi

Fundi Pumzi ndilo jina aliloliitikia, mwana wa Mpasua Mwamba aliyepasua mawe ya daraja mpaka mto ukakubali kuvukwa, mjukuu wa Bibi Kokoto aliyeponda kokoto kwa nyundo ya mkono na kwa kokoto hizo akalea watoto bila kubisha hodi kwa mtu, mpwa wa Mjomba Patasi aliyechonga majina ya marehemu kwenye mawe ya makaburi tangu enzi za mikokoteni. Na yeye mwenyewe Fundi Pumzi, je? Yeye alichonga majina ya mji mzima. Waliomsalimia na waliompita njiani kama hawamwoni, wote mwishowe walimfikia. Wengine walikuja kwa miguu yao kuchagua jiwe mapema, wengine walisemewa na wajane wao.

"Mtu anaweza kunikwepa sokoni," alikuwa akisema, "lakini kwenye jiwe atanikuta."

Jina la Pumzi hakupewa na mama yake. Alilipata kazini. Ukichonga herufi kwenye jiwe gumu la kijivu, lile lenye chembe zinazometameta kama vipande vya kioo, unga wa jiwe hujaa ndani ya herufi na kuifukia. Fundi huinama mpaka pua ikaribie jiwe, akapuliza. Pfuu! Unga unaruka, herufi inaonekana, fundi anavuta hewa, anaendelea. Wenzake walipuliza herufi moja moja. Yeye alisafisha mstari mzima, kuanzia jina la marehemu hadi jina la babu yake, kwa pumzi moja bila kuinua kichwa. Wanagenzi walisimama kumtazama kama watu wanaotazama mpira. Ndiyo akaitwa Pumzi, na jina likamkaa kama shati la kupimisha kwa fundi.

Karakana yao ilikuwa na paa la bati na kuta tatu. Upande wa nne uliachwa wazi kuelekea barabarani ili wateja waone kazi. Kila kitu mle ndani kilikuwa na rangi moja. Birika la chai la kijivu, makoti ya kijivu, kope za mafundi za kijivu, hata mtoto aliyetumwa kumwita baba yake ilimbidi aite kwanza, asubiri sauti, ndipo ajue baba ni yupi.

Na karakana ile ilikuwa na sheria moja iliyoshikwa kuliko sheria za serikali: jiwe halioshwi. Mjomba Patasi ndiye aliyeileta. Jiwe la kaburi, alisema, ni mwili wa pili wa marehemu. Ukilimwagia maji kabla halijasimamishwa, umemwosha maiti ambaye hajafika, na maji yakishamwagika hudai maiti wa kuoshwa. Mtu akionekana na kopo la maji karibu na jiwe, karakana nzima iliitikia kwa sauti moja, "Mwosha huoshwa!" Pengine mwanzoni ulikuwa mzaha nusu na hofu nusu. Miaka ilivyokwenda mzaha ulikauka, hofu ikabaki.

Kisha zikaja grenda, zile mashine za mkononi za kukatia na kusugulia, na vumbi ambalo zamani lilihitaji kutwa nzima kutoka, sasa likatoka kabla chai haijapoa. Mafundi wakajifunga vitambaa puani, wakaona wamemaliza.

Humo ndimo alimoingia binti wa Fundi Pumzi, mtoto wake wa pekee. Walimwita Kalamu, maana patasi mkononi mwake haikuchonga, iliandika. Mama yake alitaka ajifunze cherehani.

"Baba Kalamu, mtoto wa kike na mawe wapi na wapi?"

"Maji hufuata mkondo, Mama Kalamu."

"Huo mkondo wako unanikohoza kila nikifua nguo zenu."

Lakini Fundi Pumzi hakusikia la mtu. Alipomwona binti yake ameinama, pua kwenye jiwe, akipuliza mstari vilevile kama yeye, raha ilimjaa kifuani. Hakujua kwamba kifuani hapo hapo palikuwa pakijaa kitu kingine.

Kilianza kidogo kidogo. Mstari aliousafisha kwa pumzi moja ukataka mbili. Akajifanya anasimama kukagua herufi. Akajifanya jicho limeingiwa na kitu. Msasa, fundi wa kung'arisha mawe, mtu mwenye mdomo mrefu kuliko siku ya njaa, ndiye aliyemshtukia kwanza.

"Fundi, siku hizi unaweka nukta katikati ya jina la mtu?"

"Marehemu huyu alikuwa na kigugumizi," Fundi Pumzi akajibu. "Nachonga kama alivyosema."

Wakacheka wote, naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kugeuka tena kuwa kicheko.

Zahanati ya jirani ilimtibu kifua kikuu. Alimeza vidonge mpaka vikaisha, na majirani wakaanza kumwekea kikombe chake peke yake, pembeni. Hilo lilimuuma kuliko kifua. Kikohozi hakikubabaika. Ndipo alipopelekwa hospitali kubwa, akapigwa picha, akaingizwa kwa daktari kijana mwenye haraka, foleni imejaa korido mpaka kwenye ngazi.

"Mzee, tatizo lako ni silika," daktari akasema, macho hayajatoka kwenye picha.

"Silika?"

"Silika. Imekuingia siku nyingi. Haitoki tena hiyo. Cha msingi uachane nayo, isiendelee kukuharibu."

Sasa, kwa Kiswahili alichonyonya Fundi Pumzi, silika ni tabia, ile mtu anayozaliwa nayo na kuzikwa nayo. Mtu akiambiwa silika yake imeharibika, ametukanwa yeye, aliyemzaa na aliyemlea. Akasimama. Akachukua kofia yake.

"Daktari, mimi ni mtu mzima. Mama yangu hakuwahi kulalamikia silika yangu."

Daktari alipoinua uso, mlango ulikuwa umeshafungwa na mgonjwa mwingine ameshaingiza mguu.

Mkewe alikuwa kwenye benchi la nje, mkoba magotini. "Amesemaje?"

"Amesema nina tabia mbaya."

"Kwa hilo ndiyo tumepanda gari mpaka huku? Si ungeniuliza mimi nyumbani?"

Alitaka kucheka, kikohozi kikamtangulia. Hakurudi tena hospitali. Mwanamume aliyezoea kuinama mbele ya kila jiwe alishindwa kuinama mbele ya tusi, na tusi lenyewe halikuwepo. Mvua zikanyesha zikakatika. Yeye akawa anakwenda karakana anakaa, anachora mistari kwa penseli, kuchonga anamwachia Kalamu. Na Kalamu akawa anachonga kwa mikono ya watu wawili na kupuliza kwa vifua viwili.

Asubuhi moja alikuwa amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni kwa kuwa kulala chali kulishamshinda, akasikia kitu upande wa pili wa ukuta, chumbani kwa Kalamu. Kikohozi. Kifupi, kikavu, cha mtu aliyejiziba kwa shuka ili wenye nyumba wasisikie. Kikaja tena. Fundi Pumzi akakitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake mwenyewe. Kilikuwa kikohozi chake, cha miaka ile alipokuwa bado anajifanya jicho limeingiwa na kitu.

Siku hiyo hiyo akavaa kofia yake akarudi hospitali. Foleni ilikuwa ile ile, daktari yule yule.

"Daktari, nimerudi na shida moja tu. Ile silika yangu, hurithiwa?"

"Kurithiwa?"

"Nina binti. Nahofia nimempa. Kama ni mambo ya tabia, mimi niko tayari kujirekebisha hata kwa uzee huu, mradi yeye aachwe."

Daktari akatazama cheti, akamtazama mzee, akatazama tena cheti. Kisha ikamjia. Kicheko kilimponyoka, akakiziba kwa mkono, na kilipopita uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mzee wangu, nisamehe. Ni mimi sikusema vizuri. Silika si tabia yako. Ni kitu kilichomo ndani ya jiwe, ndicho kile kinachometameta. Mkikata, kinasagika kuwa vumbi jembamba mno. Lile unaloliona mezani ni chenga kubwa tu, si lenyewe. Lenyewe halionekani. Linapita puani, linapita kooni, linafika chini kabisa ya pafu na kukaa. Pafu linalizungushia kovu. Kovu juu ya kovu, mpaka hewa inakosa pa kukaa." Akasogeza kiti. "Hairithiwi hiyo. Inavutwa. Binti anafanya kazi gani?"

Fundi Pumzi aliitazama mikono yake, kama mtu aliyeulizwa ameweka wapi alichopewa kutunza.

"Dawa yake?" akauliza baadaye.

"Ya kuondoa kovu, hakuna, sitakudanganya. Nitakupunguzia kukohoa, na tutakuangalia usije ukapata kifua kikuu juu yake, maana hivyo viwili hupendana. Lakini binti tunaweza kumwahi. Mlete apigwe picha. Na huko kazini jiwe likatwe likiwa limelowa. Maji hulishika vumbi kabla halijaruka. Na wavae barakoa za kazi, zile zenye vichujio. Vitambaa vyenu ni kuchota maji kwa pakacha. Na hayo mambo ya kupuliza, mzee, yakome leo."

"Maji?"

"Maji."

"Juu ya jiwe la kaburi?"

"Juu ya jiwe lolote lile."

Akarudi nyumbani amebeba uzito kuliko alivyokwenda. Asiposema, vumbi litamla mtoto. Akisema, ni yeye baba mtu atakayemwambia mwanawe wa pekee aoshe maiti ambaye hajafika. Na akimtazama Kalamu akikohoa, alimwogopa huyo ambaye hajafika, asije akawa na uso anaoujua.

Jioni akasema hata hivyo.

"Baba, wewe ndiye wa kuniambia hivyo?" Kalamu akashangaa. "Si wewe uliyenipiga kibao nilipoingia karakana na maji ya kunywa?"

"Nilikosea."

"Ulikosea au unaumwa?" Akaona amevuka mpaka, akashusha sauti. "Nawe jiweke mahali pangu, Baba. Nikimwaga maji, mistari ya penseli inafutika. Jiwe likilowa linakuwa jeusi, sioni nilipochonga. Na hayo niyaache. Msasa na wenzake watasema nimewaitia kifo. Akifa mtu yeyote mtaa huu, ni mimi."

"Na wewe mwenyewe? Unaamini?"

Kalamu akamrudishia swali, "Wewe huamini?"

Chai ikapoa mbele yao.

Siku ya pili akaja mkaza mjomba, mke wa marehemu Mjomba Patasi, kumjulia hali mgonjwa. Bibi kizee huyo alitembea kwa fimbo, lakini mdomo wake haukuhitaji fimbo.

"Shikamoo, mama," Fundi Pumzi akamwamkia kutoka kwenye mito yake.

"Marahaba. Wewe mtoto, umeamua kunitangulia? Huna adabu. Na hizi nyuso zenu zimenunaje, kama mmekula ndimu nyumba nzima?"

Mama Kalamu akamweleza: daktari anataka jiwe lilowe, na baba na mwana wamekwama kwenye sheria ya marehemu mumewe. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Mabega yakaanza kumtikisika. Wakadhani analia. Kumbe anacheka, anacheka mpaka kilemba kikamwangukia puani.

"Jiwe halioshwi! Jamani, Patasi! Mpaka leo?" Akajifuta macho. "Sikilizeni niwaambie. Zamani karakana ilikuwa kule juu kilimani, na kisima kiko bondeni. Wazee wa wakati ule walichonga kwa maji, mbona! Mume wangu ndiye alikuwa mdogo wao. Kutwa ni yeye, ndoo kichwani, panda, shuka, panda, shuka. Na Patasi, Mungu amrehemu, mvivu hakuna mfano. Basi siku moja akapanda na ndoo tupu, amekunja uso, akawaambia wazee, nimeota ndoto. Marehemu wamenijia, wananiuliza, mbona mnatuosha kabla hatujafa? Wazee wakaangaliana. Yeye akatia chumvi: mwosha huoshwa. Kwisha! Tangu siku hiyo hakubeba tena ndoo hata moja. Akija nyumbani ananisimulia, anacheka mpaka kitanda kinalia."

Nyumba nzima ikacheka. Hata Fundi Pumzi alicheka, ameshika mbavu, akipunga mkono kuomba wamsubiri. Kalamu alikuwa wa kwanza kunyamaza.

"Bibi," akauliza, "babu Patasi alikufa kwa nini?"

"Kifua," bibi akasema, bado anatabasamu. Kisha tabasamu likamwacha polepole. "Kifua," akasema tena. "Na Mzee Nyundo kifua. Na yule wa ndevu, na pacha wake." Akakamata fimbo yake kwa mikono miwili. "Wote wale wa kilimani. Tulisema wamelogwa, tukagombana na watu wa ng'ambo ya mto miaka na miaka. Ee Mola wangu. Ndoo moja."

Hakucheka tena siku ile. Alipoondoka ilibidi Mama Kalamu amshike mkono mpaka njiani.

Kalamu akaenda kupigwa picha. Daktari akaiinua kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu, safari hii bila haraka. "Leo sioni kovu," akasema. "Lakini kutoona leo si kusema halipo. Lile vumbi lina subira. Utarudi nikutazame tena, na usirudi ukiwa umevuta jingine." Si habari njema, si habari mbaya. Ni ya kulala nayo macho wazi.

Kalamu akaanza kuchonga kwa maji. Penseli akaiacha, mistari akaikwaruza kwa msumari. Kopo lililotobolewa akalining'iniza juu ya jiwe, likadondosha tone tone, unga ukawa tope la kijivu likitiririka kwenye mfereji badala ya kuruka. Herufi aliifuta kwa sponji, hakuipuliza. Kazi ilikwenda taratibu, na herufi za kwanza za maji, kama alivyoziita, zilipinda kidogo. Wenzake wakahamisha meza zao.

"Kalamu anaosha!" Msasa akatangaza mpaka barabarani. "Jamani, nani kati yenu anajisikia vibaya? Ajiandae!"

Na wao wakaendelea na grenda zao kavu upande wa pili wa bati lile lile, vumbi lao likivuka kuja kwa Kalamu, maana vumbi halijui mpaka wa meza. Hapo ndipo Fundi Pumzi alipoona kwamba mtoto mmoja hawezi kuokoka peke yake chini ya paa moja. Ama waloe wote, ama wakauke wote.

Akaenda mwenyewe. Alitembea akipumzika kwenye kila kizingiti cha duka, Kalamu amembebea kigoda. Mafundi wakazima mashine kwa heshima, wakamzunguka.

"Nimekuja kuwapa kisa," akasema. "Cha mjomba wangu. Zamani karakana... ilikuwa kilimani. Kisima... bondeni. Basi yeye kila siku... ndoo kichwani..." Akavuta hewa, hewa ikaja nusu. "Panda... shuka..." Akainama. Wakangoja. Midomo yake ikawa ya samawati. Kisa kilikuwa kimefika kwenye mteremko, na hakikupanda tena.

Msasa ndiye aliyemshika asianguke. "Mpelekeni nyumbani mzee. Mnaona? Mnaona maji ya mtoto wake yanavyomfanya?"

Kesho yake Fundi Pumzi akamwita Kalamu kando ya kitanda. Alisema maneno machache machache, akipumzika katikati, naye Kalamu hakumharakisha.

"Kisa kinataka pumzi, mama. Mimi sina. Wewe unayo. Kakisimulie wewe."

"Mimi si msimuliaji, Baba. Nitawaeleza tu alivyosema daktari."

"Usimtaje daktari. Ukianza na daktari, wataziba masikio kama nilivyoziba mimi. Anza na ndoo. Haya, nisimulie nikusikie."

Kalamu akaanza. Akamtetea Mjomba Patasi, akasema alikuwa amechoka.

"Siyo amechoka. Mvivu. Sema mvivu, wacheke. Ukimwonea huruma umeniharibia kisa. Tena."

Akaanza tena. Safari hii alipofika kwenye ndoto, akaikunja sura kama mwongo anayejiamini, na baba yake akatikisika juu ya mito, bila sauti, mkono kifuani.

"Hapo hapo. Waache wacheke mpaka wamalize, usiwakate. Halafu uwaulize mjomba alikufa kwa nini, kama ulivyomuuliza bibi yako. Uulize polepole. Kisha unyamaze. Nawe usiwajibie, watajijibu."

"Na wasipojibu?"

"Kila mmoja ana baba, ana mjomba. Watajibu." Akafumba macho akakusanya hewa, akayafumbua. "Mtazame Msasa. Akicheka yeye, wote watacheka. Akinyamaza yeye, wote watanyamaza. Baba yake alichonga na sisi, na unajua kilichomwondoa ni kifua. Sasa Msasa akishanyamaza, usimwongezee neno hata moja. Mpe ndoo."